Mwenye Nyumba Mpya na Tufani

Mpangaji asikiapo habari za tufani, hufunga mizigo yake. Paa ni shauri la mwenye nyumba. Lakini yule aliyehamia juzi katika nyumba yake mwenyewe, baada ya kununua bati moja moja kwa miaka mingi, hana wa kumtegemea ila Mungu na misumari aliyoipigilia.

Watu wa namna hiyo walikuwako katika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kuonya. Watu wa pwani hii wamezoea kusi na kaskazi, wala vimbunga si wageni wa kila mwaka. Hata hivyo, kile cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja.

Yafaa mwenye nyumba ajue kwamba upepo hauvunji paa kwa kulikandamiza, bali kwa kuliinua. Huingia chini ya upenu, na mlango ukivunjika hujaa ndani na kusukuma juu. Kwa hiyo makombamoyo hayana budi kufungwa barabara kwa chuma mpaka ukutani, nayo ni kazi ya siku za utulivu. Kupanda juu na nyundo wakati wa tufani ni kujitafutia mauti.

Basi hapo ndipo penye mtihani: kuiacha nyumba aliyoitolea jasho. Na aiache, awachukue watoto wake, aende penye jengo imara mbali na bahari. Bati hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi.