Kipande cha Tatu

Katika CodeIgniter, anwani ya ukurasa husomwa kipande kwa kipande kati ya mikwaju. Cha kwanza baada ya jina la tovuti hutaja klasi, cha pili kitendo, na kuanzia cha tatu huja vile ambavyo kitendo kinakabidhiwa. Hesabu huanzia 1, si 0. Ni kama kumwelekeza mgeni: mtaa, uchochoro, nyumba.

Niliupenda unyofu huo mpaka nilipokabidhiwa mfumo wa zahanati moja niutunze. Anwani ya mgonjwa wa majaribio iliishia na majibu/onyesha/17. Nikaandika 18. Likatokea jina la mwanamke nisiyemjua, na chini yake majibu ya kipimo chake cha damu. Nikafunga haraka, lakini jicho lilikuwa limeshasoma.

Programu ilitii tu. Ilipewa 18, ikatoa ya 18. Hata mstari wa kuhakiki kama kipande ni namba ulikuwapo, na 18 ni namba halali. Kilichokosekana ni lile swali ambalo kwetu hata mtoto huliuliza akisikia hodi: nani?

Sasa hifadhidata inaulizwa mambo mawili pamoja: namba ya majibu, na akaunti iliyoingia. Yasipolingana, anayebahatisha anapata 404, asijue hata kama majibu hayo yapo.

Yule mwanamke hakuambiwa lolote. Jina lake bado nalikumbuka.