Zanzibar Katika Orodha ya Mwaka 1969

Tuzo ya Hugo, iliyopewa jina la Hugo Gernsback, mhariri aliyeanzisha jarida la Amazing Stories mwaka 1926, ilitolewa kwa mara ya kwanza mjini Philadelphia mwaka 1953, na mshindi wake huamuliwa si na jopo la wataalamu bali kwa kura za wanachama wa kongamano la kila mwaka la wapenzi wa bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi zinazojengwa juu ya uwezekano wa kisayansi ambao bado haujatimia. Kijana wa leo, ambaye riwaya ya Dune kwake ni filamu, hudhani kwamba historia ya tuzo ni historia ya washindi. Wasomaji wa zamani walijua kwamba utamu ulikuwa katika orodha nzima ya riwaya zilizoteuliwa, ambazo kwa kawaida zilikuwa tano, na kwamba mara nyingi iliyokosa tuzo ndiyo iliyoazimwa mpaka ikachakaa.

Katika miji ya Afrika Mashariki vitabu hivyo viliwafikia wengi vikiwa mitumba, vimetandazwa kando ya njia juu ya turubai, kati ya vitabu vya ukarani na riwaya za mapenzi. Karatasi yake ilikuwa ya bei nafuu, iliyogeuka manjano na kutoa harufu ya vumbi tamu, huku gundi ya mgongo ikiwa imekauka kiasi kwamba msomaji asiye mwangalifu alibaki na kurasa za katikati mkononi. Jalada lilichorwa roketi hata pale ambapo ndani hamna roketi. Hata hivyo hadithi nyingi ziliisha katika kurasa mia mbili hivi, adabu ambayo waandishi wa sasa wameisahau, kwani juzuu la kwanza la leo, nene kama tofali, humalizika kwa kumwomba msomaji anunue la pili.

Katika orodha zote za tuzo hiyo, ile ya mwaka 1969 ndiyo inayomhusu zaidi msomaji wa pwani, kwa kuwa mshindi wake alikuwa Stand on Zanzibar, riwaya ya Mwingereza John Brunner. Ilichapishwa mwaka 1968 na kutuzwa mwaka uliofuata, jambo linalowachanganya wanaopanga vitabu kwa tarehe, ingawa tarehe hapa si hoja. Hoja ni jina. Brunner alichukua hesabu inayosema kwamba binadamu wote wa mwanzoni mwa karne ya 20 wangeweza kusimama bega kwa bega katika kisiwa cha Wight huko Uingereza, na kwamba watakapofika bilioni saba, ambao yeye aliwatarajia mwaka 2010, watahitaji kisiwa chenye ukubwa wa Zanzibar. Mtu akipewa nafasi ya futi moja kwa futi mbili, bilioni saba hujaza takribani kilomita za mraba 1,300, na Unguja ina zaidi ya 1,500. Umoja wa Mataifa ulitangaza idadi ya watu bilioni saba Oktoba 2011, na hata leo, watu wakiwa zaidi ya bilioni nane, hesabu bado inakubali kwa kubanana.

Riwaya yenyewe, yenye zaidi ya kurasa 500 na kwa hiyo mojawapo ya zilizovunja adabu iliyosifiwa hapo juu, imefumwa kwa vipande vya matangazo, habari na mazungumzo yasiyo na mwenyewe, mbinu ambayo Brunner aliichukua kwa mwandishi John Dos Passos. Ni kazi kubwa, na anayeibeza hajaisoma. Lakini haimpeleki msomaji Zanzibar: sehemu yake ya Kiafrika imewekwa Beninia, nchi ya kubuniwa ya Afrika Magharibi, ilhali kisiwa ambacho miaka minne tu kabla ya kitabu kutoka kilipitia mapinduzi ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kusimuliwa, kimebaki kuwa kipimo cha eneo.

Katika orodha hiyohiyo ilikuwamo Nova ya Samuel R. Delany, Mmarekani mweusi, ambaye nahodha wake ana mama Msenegali. Delany ameeleza kwamba John W. Campbell, mhariri wa jarida la Analog, alikataa kuichapisha kwa mfululizo kwa madai kwamba wasomaji wake wasingempokea mhusika mkuu mweusi. Wapigakura, ambao wengi wao walikuwa wasomaji wa majarida ya aina hiyo, waliiteua.

Miaka iliyofuata inaweza kupitiwa haraka. Mwaka 1989 Mike Resnick wa Ohio alishinda kwa Kirinyaga, hadithi fupi ya Wakikuyu wanaorejesha mila zao katika makazi ya angani, ikisimuliwa kwa ustadi na kwa kujiamini kupita kiasi; mwaka 2015 alishinda Liu Cixin kwa riwaya iliyotafsiriwa kutoka Kichina, na mwaka 2016 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kwa Binti. Kati ya Resnick na Okorafor, mwaka 1995, Katama Mkangi alichapisha Walenisi, riwaya ya Kiswahili ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa kwa chombo cha angani na kuishia katika nchi yenye haki. Haikuingia katika orodha ya 1996, na mpigakura asiyesoma Kiswahili hakuwa na njia ya kuipendekeza.