Nilicheka, Kumbe Aliniuliza

Akina mama wenzangu, habari ninayotaka kuwasimulia leo nimekaa nayo kwa muda mrefu bila kuiandika, kwa sababu ndani yake mimi mwenyewe sikufanya vizuri. Ilitokea mwezi wa Septemba 2020, wakati wa kampeni za uchaguzi mkuu, huku kwetu Mwera, kusini ya mto Pangani, ukishavuka na pantoni na kuiacha Bweni nyuma yako.

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Akina mama walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakingoja zamu ya mizani, na binti mmoja akatoa simu yake akawaonyesha wenzake video. Mzee Hashim Rungwe, wakili, mgombea urais wa CHAUMMA, alikuwa akinadi sera yake iliyomfanya ajulikane nchi nzima: akichaguliwa, wananchi watakula ubwabwa. Kicheko kilichotoka chini ya mwembe ule, nadhani kilisikika hadi barabarani.

Sisi watu wa pwani ubwabwa tunaujua. Watu wa mjini siku hizi wanaita ubwabwa hata wali wa harusini, lakini kwetu ubwabwa hasa ni ule wali mlaini, uliopikwa kwa maji mengi ukapondeka, unaomlisha mtoto anayeanza kula au mgonjwa asiyeweza kutafuna. Basi mtu anayegombea Ikulu kwa ubwabwa! Ukiwa muuguzi unaambiwa usicheke mbele ya wateja, lakini siku ile nilicheka hadi nikafuta machozi.

Katikati ya kicheko hicho mama mmoja alikuwa mbele yangu na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Nilimzungushia mtoto utepe mkononi ukasoma sentimita 12. Wenzangu wauguzi wanajua maana yake: rangi ya njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, huyo hana mjadala, anapelekwa akatibiwe. Wa njano unampa mama ushauri na kumwambia arudi. Nikamsomea mama yule orodha yangu kama ninavyoisoma kila siku: mpe mtoto mayai, mpe maziwa, mpe samaki, nyama, maharage, mboga za majani na matunda, mlishe mara nne au tano kwa siku.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sista, huyo mzee wa ubwabwa, chama chake huku kwetu kina ofisi? Mtu anajiandikisha wapi?"

Waliokuwa karibu wakasikia, kicheko kikaanza upya. Nami nikacheka pamoja nao. Mama yule akamfunga mtoto mgongoni, akashusha kanga usoni, akaondoka.

Mwezi uliofuata hakuja.

Nilingoja wiki moja, kisha jioni moja baada ya kazi nikaenda kwao. Nilimkuta anamenya mihogo nje. Alinikaribisha vizuri, akanitolea kigoda, akaniuliza habari za nyumbani kama desturi. Mume alikuwa amekwenda dago, kuvua mbali, na fedha hazijatumwa. Yeye mwenyewe alikuwa akipata vibarua vya siku mojamoja. Chakula cha nyumba kilikuwa bada na kisamvu, mara moja kwa siku, mara mbili Mungu akijalia, na nazi ilikuwepo ikiwa imeanguka.

Nilimwomba radhi kwa kumcheka. Akasema hakuna neno. Halafu akaniambia maneno ambayo nilitembea nayo njia nzima ya kurudi: "Sista, yule mzee kaniahidi wali. Wewe umeniambia mayai, maziwa na nyama. Yupi kati yenu kasema jambo lililo mbali zaidi na mimi?"

Sikuwa na jibu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiwasomea akina mama ile orodha, na sikuwahi kuiona kuwa ni ahadi. Lakini mwenye njaa akisikia neno "mayai" kutoka kwa mtu aliyevaa sare, anasikia kitu kilichopo mahali fulani, ila yeye hajaonyeshwa mlango.

Hapo nikakumbuka uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995. Nilikuwa msichana wa shule. Baba yangu alitoka bara akaja kukata mkonge, na wakati ule mkonge ulikwisha kudorora. Wagombea urais walikuwa wanne: Benjamin Mkapa, Augustine Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo wa UDP, ambaye watu walimwita Bwana Mapesa kwa sababu alitaka wananchi wajazwe mapesa mifukoni. Kambi nzima ilimcheka Bwana Mapesa. Mama yangu hakucheka. Alimuuliza baba, "Lakini je, kasema mfuko wa nani utaanza?" Wakati ule niliona ni swali la kijinga. Leo naona halikuwa la kijinga hata kidogo. Cheyo alipata kama asilimia 4 ya kura, na swali la mama halikujibiwa na yeyote, wala na wale watatu wengine.

Basi Jumamosi moja, baada ya akina mama wa kanisani kumaliza usafi, nikawaeleza habari ya yule mama bila kumtaja. Walikuwepo pia majirani zetu Waislamu wawili waliokuja kutusaidia matayarisho ya msiba, maana huku kwetu shughuli haina dini. Nikasema, tusimcheke Mzee Rungwe, tumuulize. Tumhoji kama mgonjwa anavyohojiwa: inauma wapi, tangu lini, kiasi gani.

Maswali yakaanza kutoka kama kunde kwenye gunia lililotoboka. Mchele utatoka wapi? Nani atapika, sisi wanawake tena? Kuni za nani? Watakula wote, au wenye kadi ya chama tu? Mwenye nacho naye apewe? Siku ngapi kwa wiki? Bibi mmoja akauliza kama utakuwa na nazi, maana yeye mchele mkavu haumpiti kooni.

Tukapiga hesabu kwa kijiti, mchangani. Tukasema watu milioni 60, kila mmoja robo kilo kwa siku. Ikaja tani 15,000 kila siku, yaani malori 1,500 ya tani kumikumi. Mmoja akasema pantoni letu likianza kuyavusha leo, wajukuu ndio watakaokula. Tulicheka sana, lakini safari hii tulicheka tukijua tunachekea nini.

Kisha mwalimu mmoja mstaafu akasema, punguzeni. Chukueni shule moja ya msingi, watoto 300, kila mmoja gramu 100 mchana, siku 194 za masomo kwa mwaka. Tukapiga tena. Kilo 30 kwa siku, kilo 5,820 kwa mwaka. Hazifiki tani sita! Kwa shilingi 1,800 kwa kilo tulizokadiria, ni shilingi milioni 10 na laki nne na ushee, bado maharage, kuni na posho ya mpishi. Hapo hakuna aliyecheka. Lori moja tu, na pantoni inalivusha kwa safari moja. Jambo lililokuwa mzaha kwa nchi nzima lilikuwa limegeuka kuwa jambo la kuulizia kwa shule moja.

Mwalimu yule yule akatukumbusha uchaguzi wa 2010. Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA aliahidi elimu ya bure, na wapo waliosema kwa uhakika kabisa kwamba haiwezekani, fedha hazipo. Januari 2016 Serikali ya CCM, chini ya Rais Magufuli, ikaanza elimu bila ada hadi kidato cha nne. Sisemi nani alimwiga nani, hayo waachiwe wenyewe. Nasema tu kwamba ahadi ya asiyeshinda haifi siku ya matokeo. Inaweza kuokotwa na mwingine.

Mimi nami nikawakumbusha jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulisema. Pilau ya bure ya kisiasa sisi tumekwisha kuila. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Katika kampeni zilizofuata nililishwa pilau na mgombea mmoja nisiyemtaja, nikarudi na kipande cha nyama kwenye jani la mgomba kwa ajili ya mdogo wangu. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili ya wanasheria, na Aprili 2006 Mahakama ikaifuta takrima kwa kuwa ni kinyume cha Katiba. Asiye na fedha za kupika angeshindanaje na mwenye nazo? Lakini angalieni ajabu yetu. Aliyetupa sahani moja kabla ya kura tulimwita mkarimu na hatukumuuliza chochote. Aliyeahidi sahani baada ya kura tukamwita kichekesho.

Dada mmoja, mwanachama mkubwa wa chama tawala, hakufurahi. Akaniambia, "Sista, naona unampigia kampeni." Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli. Sikumpigia Mzee Rungwe kura, sioni haya kusema. Sera nzima ya nchi kukaa katika sufuria moja haikuniridhisha, na lile swali la mchele kutoka wapi sikulisikia likijibiwa. Lakini nilimuuliza yule dada: je, hesabu hizi za mchangani tumewahi kuwapigia wagombea wa vyama vikubwa? Huku kwetu daraja la mto Pangani tulilisikia miaka na miaka kabla ya kuona mashine za ujenzi. Nani kati yetu alisimama akauliza, kwa fedha zipi, na kuanzia mwezi gani? Tulipiga vigelegele. Mkubwa akiahidi tunashangilia, mdogo akiahidi tunacheka, na wote wawili wanaondoka bila kuulizwa. Dada yule alinyamaza kidogo, akasema yeye aliwahi kuuliza habari ya maji akaambiwa akae chini. Hilo sikulijua. Nilimwomba msamaha naye pia. Mwaka ule ulikuwa mwaka wangu wa kuomba msamaha.

Tarehe 28 Oktoba 2020 tukapiga kura. Kati ya wagombea urais 15, Mzee Rungwe alipata kura 32,878. Mwaka 2015 alikuwa amepata 49,256. Kwa hiyo ubwabwa ulimpa umaarufu, wala haukumwongezea kura.

Na yule mama? Sisi wanawake wa kanisani tuliona aibu kukaa na maswali tu. Tukachangishana, tukatangaza kwamba tutawapa kuku watetea kumi kina mama watano wenye watoto wa njano, wawili wawili, bila kujali dini. Tangazo lilisomwa vizuri sana na likapigiwa makofi. Fedha zilipokusanywa zikatosha kuku wanane. Tukawagawa kwa haraka, mama wanne wakapata wawili wawili, na wa tano tukamwambia asubiri. Mdondo ukapita ukaua watatu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka chanjo. Muuguzi mzima, nachanja watoto wa watu kila wiki, nikasahau kuku!

Waliobaki walitaga. Yule mama alimrudisha mtoto kliniki mwezi wa Januari, utepe ukasoma 12.8, rangi ya kijani. Nilipomaliza kuandika kwenye kadi, akaniangalia usoni bila kushusha kanga.

"Sista," akasema, "mlitangaza kuku kumi. Nimewahesabu, ni wanane. Wale wawili wako wapi, na yule mwenzetu wa tano atapewa lini?"

Nikatoa kalamu, nikaandika swali lake nyuma ya daftari, nikamwambia Jumapili nitalipeleka kwa mtunza hazina.

"Nitakuja mwenyewe," akasema.