Pa Kutokea na pa Kuingilia: Feni ya Bafuni na Lugha ya Fundi

Nyumba sharti ipumue. Hili walilifahamu mafundi wa kale wa Lamu, waliojenga kuta nene za mawe ya matumbawe na kuacha kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ili mwanga na hewa vipate njia. Katika miji yetu ya leo ardhi ni ghali, majengo yamesongamana, na aghalabu chumba kinachodhulumiwa kwanza ni bafu. Hupewa pembe ya giza na kidirisha cha upana wa kiganja. Wakati mwingine hata kidirisha hicho hukosekana. Makala haya yanahusu bafu moja la aina hiyo jijini Nairobi, feni ndogo iliyotiwa humo, na maswali ya lugha ambayo kazi hiyo ilinizulia mimi niliye mwanafunzi wa Kiswahili.

Bafu lenyewe ni la dada yangu, anayeishi na mwanawe wa miaka sita pamoja na msichana anayemsaidia kazi za nyumbani, katika ghorofa ya tatu ya jengo la kupanga mtaani Kahawa West. Alipohamia humo, dirisha la bafu lilitazama kiwanja kitupu. Mwaka 2022 mwenye kiwanja akaanza kujenga. Ukuta wake ulipanda siku baada ya siku hadi ukasimama kiasi cha futi moja mbele ya dirisha letu. Tangu hapo mvuke wa shawa ukawa hauna pa kwenda. Msimu wa baridi ulipofika, Juni hadi Agosti, maji yalitiririka kutani kila mtu alipomaliza kuoga, taulo zikawa hazikauki, mlango wa mbao ukafura, na madoa meusi ya kuvu yakaenea darini kama wino uliomwagika.

Lau madoa yale yangekuwa ya kuudhi macho tu, pengine tungeyavumilia. Lakini mpwa wangu ana pumu. Usiku wa baridi dada alizoea kulala nusu macho, akisikiliza kifua cha mtoto kikilia kama filimbi iliyozibwa. Daktari alipomwona mtoto kwa mara ya tatu katika mwezi mmoja, alimuuliza dada kuhusu nyumba kabla ya kuuliza habari za dawa: Je, kuna unyevu? Je, kuna kuvu? Maswali hayo yalikuwa na msingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, lilieleza kwamba wakazi wa majengo ya namna hiyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi ya njia ya hewa na ya pumu yao kuzidi. Dada alikuwa amekwisha kusugua dari kwa dawa na kuipaka rangi mara mbili. Kuvu ilirudi mara mbili. Kusugua kuvu huku unyevu ukibaki palepale ni kutwanga maji kinuni.

Dawa ya mvuke ni kuutoa. Feni tuliyoichagua ilikuwa na kipenyo cha milimita 100, ambayo mafundi huiita feni ya inchi nne. Kwenye boksi lake paliandikwa kwamba huweza kusukuma mita za ujazo 90 za hewa kwa saa, na kwamba hutumia wati 15. Tukalipima bafu: upana mita 1.5, urefu mita 2, kimo mita 2.5. Hesabu ya shule ya msingi inatosha hapa. Chumba hicho kina mita za ujazo 7.5 za hewa, na feni ya kiasi hicho ingeweza kuibadilisha hewa yote mara 12 kwa saa, yaani kila baada ya dakika tano. Bila shaka bomba na kifuniko cha nje hupunguza nguvu hiyo, lakini hata ikipungua kwa theluthi nzima bado inatosha. Kanuni za ujenzi za Uingereza, kwa mfano, hutaka feni ya bafuni itoe angalau lita 15 kwa sekunde, ambazo ni mita za ujazo 54 kwa saa. Ama gharama ya stima, iliyomtia dada wasiwasi zaidi, ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Feni ya wati 15 ikizunguka saa mbili kila siku kwa siku 30 haitumii hata uniti moja.

Mwenye nyumba hakupinga wala hakuchangia. Alikubali ukuta utobolewe, mradi dada aandike barua ya kuahidi kwamba akihama ataiacha feni au ataziba tundu. Hivyo ndivyo mpangaji wa mjini anavyojikuta: ukuta ni wa mwingine, mapafu ni yake. Dada aliiandika barua ile jioni hiyo hiyo.

Fundi tuliyemwita ni mzee mzaliwa wa Kisauni, mwenye leseni ya kazi yake. Nalitaja suala la leseni makusudi. Nchini Kenya sheria inataka kazi ya kutandaza nyaya za umeme majumbani ifanywe na mtu aliyeidhinishwa, na bafu ndicho chumba kisichosamehe ubabaishaji, kwa kuwa humo maji, stima na mwili mtupu hukutana. Mimi nilikuwa mpokezi wa vifaa tu. Na ni katika kupokeza huko ndipo mzee yule aliponishangaza. "Kijana, nipe keekee," alisema. Kisha akataka tindo na nyundo, kisha pimamaji, kisha bisibisi. Wengi wetu tuliyakariri maneno hayo katika orodha za vifaa vya ufundi tukijiandaa kwa KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Tuliyajua kama tujuavyo majina ya miji tusiyowahi kuifikia. Mkononi mwa mzee keekee ilikuwa na uzito, sauti na vumbi. Wala si kila alichokitamka kilitoka katika orodha ile: parafujo aliziita skurubu, na kifaa cha kubainisha waya wenye stima akakiita testa bila kuomba radhi kwa yeyote.

Kazi yenyewe ilichukua asubuhi moja. Badala ya kuelekeza hewa kwenye ule mwanya wa futi moja baina ya majengo mawili, ambamo ingetuama, fundi alichagua ukuta unaopakana na roshani ya kufulia, mkabala na mlango wa bafu, juu kabisa karibu na dari, mahali ambapo mvuke hukusanyika. Alitoboa tundu la kupitisha bomba la inchi nne, akalilaza bomba kwa mteremko mdogo kuelekea nje ili mvuke utakaogeuka maji utiririkie roshani, usirudi ndani ya mota. Upande wa nje akafunga kifuniko chenye vibao vyepesi vinavyofunguka feni ikizunguka na kujifunga inapotulia, ili baridi na wadudu wasiingie. Kuhusu stima, hakuigusa laini ya shawa, ambayo hubeba mzigo mkubwa mno. Alichukua laini ya taa, akaipitisha kwenye fyuzi ya ampea 3 na swichi aliyoiweka nje ya mlango, mbali na mikono yenye maji. Nyaya za jengo zilikuwa za rangi za zamani, nyekundu na nyeusi, ilhali za feni zilikuwa za kahawia na samawati. Akaunganisha nyekundu na kahawia, nyeusi na samawati, baada ya kuhakikisha kwa testa kwamba zote zimekufa.

Feni ikanguruma. Fundi akafunga mlango wa bafu, akachana kipande cha karatasi ya chooni na kukisogeza kwenye feni. Kilitikisika, kikaanguka. Mzee hakushangaa. "Tumefungua pa kutokea," akasema, "sasa tufungue pa kuingilia." Akaung'oa mlango, akaupiga randa upande wa chini mpaka ukabakiza nafasi ya sentimita moja juu ya sakafu, akaurudisha. Kipande cha karatasi mara hii kilinata kwenye feni kama kilichogandishwa kwa gundi. Feni haiumbi hewa, huivuta tu. Chumba kilichozibwa pande zote, hata kikitiwa feni ya nguvu maradufu, kitabaki na mvuke wake. Hili ndilo jambo ambalo wengi waliokwisha kununua feni hulalamikia bila kulijua: mota ni nzima, stima ipo, tatizo liko chini ya mlango.

Pa kutokea, pa kuingilia: msomaji wa sarufi ataitambua kauli ya kutendea mara moja. Nami nilianza kuifikiria kwa dhati tulipofikia suala la jina. Karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi iliandikwa kwa Kiingereza na Kichina. Watakaoitumia na kuisafisha feni ni dada, msichana wa kazi na, baada ya miaka michache, mtoto. Watu watatu ambao wakiwa nyumbani huzungumza Kiswahili. Nikajitolea kuwaandikia maelezo ya ukurasa mmoja ya kubandikwa kando ya swichi. Sentensi ya kwanza tu ilinikwamisha: kifaa hiki kinaitwaje?

Kamusi zina feni, panka na pangaboi. Panka limetujia kutoka Kihindi, na pangaboi hunasibishwa na mtumishi wa enzi za ukoloni aliyevuta kamba ya panka ili mabwana wapate upepo. Fundi alilipenda panka. Msichana wa kazi, mzaliwa wa Bungoma, alidhani nimesema panga. Isitoshe, panka na pangaboi humfikirisha mtu upepo unaomjia, ilhali kifaa chetu huuondoa. Nikaijaribu njia ya viambishi. Kipeperushi limekwisha kutwaliwa na karatasi za matangazo. Kifyonzahewa lilimkumbusha dada mashine ya kufyonza vumbi. Mwishowe nilipotamka "feni ya kutolea hewa", hakuna aliyeniuliza maana. Muundo huo ni ule ule wa kisu cha kukatia nyama na jembe la kulimia: kauli ya kutendea inayobeba dhana ya ala. Hauna mvuto wa istilahi mpya, lakini unaeleweka Bungoma, Kisauni na Kahawa West kwa wakati mmoja. Mpwa wangu naye hakungoja kamati yetu imalize kikao. Aliiita pua ya bafu, na hadi leo ndiyo pua.

Jina lilikuwa suala la ufasaha. Sentensi ya nne ya maelezo ilikuwa suala la uhai. Feni hii hujaa vumbi na hupasa kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miezi michache. Mtu akiambiwa tu "zima feni kabla ya kuisafisha", atabonyeza swichi ya mlangoni, feni itasimama, naye ataridhika. Lakini kusimama kwa feni si ithibati ya kwamba stima imeondoka katika kila waya. Pakiwa na kosa katika ufungaji, waya huweza kubaki na volti 240 ilhali feni imetulia tuli. Fundi alisisitiza kwamba kuzima na kukata ni vitendo viwili. Hivyo nikaandika: "Kata stima kwa kuzima swichi kuu iliyo kwenye boksi la mita. Usitegemee swichi ya mlangoni." Niliandika stima, si umeme, kwa sababu ndilo neno la nyumba ile. Na neno hilo lina historia yake ya kufurahisha: lilikuja na meli zilizosukumwa na nguvu ya mvuke, na sasa ndilo linalouendesha mtambo wa kuufukuza mvuke.

Miezi kadhaa imepita. Feni huwashwa mtu anapoingia kuoga na huachwa kwa dakika 20 baada ya kutoka. Dari ilisuguliwa, ikakauka, ikapakwa rangi, na msimu mmoja wa baridi umeisha bila madoa kurudi. Sitadai kwamba feni imeponya pumu. Mtoto bado ana dawa yake ya kuvuta, na vumbi la barabara yetu halijapungua. Ninachoweza kusema ni kwamba baridi hii dada hakumpeleka kliniki usiku hata mara moja, na kwamba kwake yeye hilo ni jambo kubwa.

Kwetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili limebaki swali. Tumezoea kuzijadili istilahi darasani, tukiulizana iwapo zimefuata kanuni za uundaji wa maneno. Ni mjadala wa haki, lakini neno la kifaa hupimwa pia na mkono unaokishika, tena wakati ambapo kutoelewana huweza kuua. Vitu vinavyoingia majumbani mwetu kila siku, kuanzia shawa za umeme hadi mitungi ya gesi, vina maonyo ambayo wengi wa watumiaji hawawezi kuyasoma. Chama chetu kingeweza kuanza na machache: kila mwanachama achague kifaa kimoja cha nyumbani kwao, akae na fundi anayekifahamu, aandike namna ya kukitumia na kukisafisha kwa Kiswahili kinachoeleweka, kisha ampe mtu wa nyumba ile akisome kwa sauti na kutenda alichosoma. Pale msomaji atakaposita ndipo penye kazi yetu.