Geuza Chupa, Soma Kitako

Kuna maswali mawili ambayo sisi watu wa Tanga huyachanganya: kitu kimetengenezwa wapi, na kimetufikiaje. Mimi nasomea ualimu, lakini kuyatenganisha sikufundishwa darasani. Nimefundishwa na kichupa cha marashi.

Kichupa chenyewe ni cha bibi. Hakizidi kidole cha kati, kioo chake ni cha zambarau kilichochongwa, na kizibo nacho ni cha kioo. Wageni wakija, baba mdogo hukitoa kabatini na kusimulia kwamba babu wa babu yetu alikuja nacho kutoka Maskati enzi za Seyyid Said. Kwake ni kama cheti cha kuzaliwa cha ukoo mzima. Mwaka huu dada yangu aliletewa posa. Baba yetu ni marehemu, kwa hiyo msemaji ni baba mdogo, naye akaisimamisha: kijana eti asili yake haijulikani, ilhali yetu ipo kabatini.

Nikasema basi, ngoja niitazame hiyo asili.

Hebu niwape mbinu, maana nyumba nyingi zina vichupa kama hivi. Kwanza, geuza uangalie kitako. Kovu la katikati, au duara lililosuguliwa likawa laini, mara nyingi ni alama ya fimbo ya chuma iliyoshikilia kioo cha moto fundi akimalizia mdomo. Pili, fuata mshono wa kalibu kwa ukucha. Ukipanda mpaka juu ya mdomo, kwa kawaida ni kazi ya mashine. Tatu, jaribu kizibo. Katika chupa nyingi nzuri za zamani, kizibo na shingo vilisagwa pamoja, kwa hiyo cha chupa hii hakikai sawasawa kwenye ile.

Nne, angalia uzito na mapambo. Vile vyepesi kama ganda la yai, vyenye michoro ya dhahabu, vingi hupulizwa Misri na kuuzwa kwa watalii. Vyenye vijiua vilivyozama ndani ya kioo vinakumbusha Murano, kisiwa ambako mafundi wa Venice waliamriwa kuhamia mwaka 1291. Lakini usikimbilie kusema ni vya huko, mtindo huo umeigwa sana.

Cha bibi hakikunisumbua. Nilimulika kitako kwa tochi ya simu, nikaona herufi ndogo kama chawa: Made in Czechoslovakia. Nchi hiyo ilizaliwa 1918 na kuvunjika mwisho wa 1992. Upande wake wa kaskazini, eneo la Jablonec, walitengeneza shanga na chupa za marashi kwa wingi na kuziuza nje. Seyyid Said alifariki 1856. Yaani alishakuwa kaburini miaka 62 kabla nchi iliyoandikwa kitakoni haijakuwepo.

Sikwenda kwa baba mdogo moja kwa moja. Nilianza kwa bibi. Akacheka.

"Maskati kitu gani? Marehemu baba alimpa mama siku ya harusi yao. Kainunua dukani kwa Mhindi, hapa hapa mjini."

"Bibi, mbona siku zote husemi?"

"Mjukuu wangu, nani aliniuliza?"

Chuoni tunaambiwa mwalimu mzuri humuuliza mwanafunzi, "Umejuaje?" Nyumbani, ukimuuliza mkubwa swali hilo, wewe ni jeuri. Kwa hiyo sikuuliza. Nilimwamkia baba mdogo, nikampa kichupa na simu, nikamwomba anisomee maandishi. Akasoma mara mbili, akakirudisha kabatini taratibu. Posa bado haijajibiwa, ila neno asili sijalisikia tena.

Sisemi kwamba ukoo wetu haukutoka Maskati. Huenda ulitoka. Kichupa hakiwezi kuthibitisha wala kukanusha, kwa sababu kinajua habari za kwao tu. Tena sasa nakipenda zaidi, maana ni zawadi ya bwana harusi kwa mkewe, na hilo ametuambia mtu anayejua.

Likizo hii ukirudi nyumbani, geuza cha kwenu usome kitako. Kisha kaa na bibi yako umuulize, maana kuna mengi hayakuandikwa pale.