Mtoto Anayetaka Kusoma Sayansi ya Siasa



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na majina ya waliochaguliwa vyuoni kutangazwa, ofisi ya parokia hugeuka kuwa baraza la wazazi. Mtoto akichaguliwa kusoma uuguzi, ualimu, kilimo au uhasibu, mzazi huja kuomba sala na, pengine, mchango. Akichaguliwa kusoma sayansi ya siasa, mzazi huja kuomba tumkanye. Safari hii wamekuja watatu, wawili kutoka upande wa Mbulu na mmoja kutoka Hanang, na huyo wa Hanang, mzee mkulima wa ngano na maharage, ndiye aliyelisema jambo kwa ufupi kuliko wote: "Baba, mwanangu atakula siasa?"

Swali hilo halikuwa la dharau. Mzee huyo ameuza maksai wawili ili binti yake afike chuoni, na mtu aliyeuza maksai ana haki ya kuuliza atavuna nini. Tena ana hofu nyingine ambayo hakuitamka mpaka tulipomsindikiza hadi langoni. Baada ya vurugu na vifo vilivyofuatana na uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, neno lenyewe "siasa" limekuwa zito vinywani mwa wazazi. Wamesikia yaliyowapata vijana wa mijini, nao hawataki binti yao ajifunze kwa miaka mitatu namna ya kuingia katika moto.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu tuliwahi kukaa katika madawati hayo. Baada ya falsafa na teolojia, na baada ya miaka michache ya uchungaji, Askofu alitutuma chuo kikuu kusoma shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa. Wapo waliokwazika. Padre na siasa wapi na wapi? Jibu la Kanisa ni wazi. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 285, inatukataza sisi makleri kushika madaraka ya kiserikali, na ile ya 287 inatukataza kujiingiza kikamilifu katika vyama vya siasa. Hakuna kanuni inayotukataza kufahamu namna watu wetu wanavyotawaliwa.

Tulipoingia darasani tulitazamia hotuba, tukakuta hesabu. Nusu ya muhula wa kwanza wa mbinu za utafiti ilikwisha katika sampuli, asilimia, na swali la namna ya kumuuliza mwananchi pasipo kumtia jibu kinywani. Yalikuwapo masomo ya katiba linganishi, bajeti ya serikali, utawala wa umma, uhusiano wa mataifa. Plato na Aristotle tulikwisha kuonana nao seminarini. Aristotle aliiweka siasa juu ya maarifa mengine ya vitendo, kwa kuwa ndiyo inayoamua katika nchi watu wafundishwe nini na kwa kiasi gani, na Mtakatifu Thoma wa Akwino hakuona aibu kuandika ufafanuzi wa kitabu chake. Siku ya Machiavelli vijana wenzetu, ambao tuliwazidi umri kwa miaka kumi na zaidi, walikaa wakitutazama kuona kama Padre atafunga kitabu. Hatukukifunga. Mtu aliyesikiliza maungamo kwa miaka mitano hashtushwi upesi na Machiavelli.

Lakini kilichotufanya tuipende fani hiyo hakikutoka Ulaya. Kilitoka nyumbani kwetu, nasi tulikwenda kukikuta mbali, kwenye rafu ya maktaba.

Katika uchaguzi mkuu wa Tanganyika wa mwaka 1960, uliotangulia Uhuru, viti vilikuwa 71. TANU ilipata 70, na 58 kati ya hivyo ilivipata bila kupingwa. Kiti kimoja kilichobaki katika nchi nzima kilikuwa cha Mbulu. Watu wa Mbulu walimkataa mgombea rasmi wa chama wakamchagua Herman Elias Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama kama mgombea binafsi. Mhadhiri aliliandika jambo hilo ubaoni kwa sentensi moja akapita, kwa kuwa kwake ilikuwa namba tu. Sisi tulibaki hapo hapo kipindi kizima. Tangu utotoni tulikuwa tumesikia kwamba watu wa milima hii ni wapole, wanafuata wanaloambiwa, na siasa ni mambo ya pwani. Kumbe bibi na babu zetu walikwenda kwenye sanduku la kura wakatenda jambo ambalo hakuna jimbo jingine lililolitenda. Leo jambo hilo haliwezekani kisheria, kwani mgombea hana budi kudhaminiwa na chama, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba katazo hilo linakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wananchi walipewa wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenzake ya nyumba, na hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akapoteza kiti chake. Walimu wa chuo cha Dar es Salaam walisambaa kuutazama uchaguzi ule, na kitabu chao, kilichohaririwa na Lionel Cliffe, kilitoka mwaka 1967. Hapo ndipo tulipotambua kwamba sayansi ya siasa hapa nchini ilianza kwa watu waliokwenda vijijini kuuliza maswali. Haikuanzia kwenye majukwaa.

Tuseme neno pia juu ya ardhi, maana kwa mzee wa Hanang ndilo lenye uzito zaidi.

Wenye umri wanaikumbuka ngano ya Basotu. Tangu mapema miaka ya 1970, Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua katika tambarare za Hanang mashamba saba ya ngano: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd. Yalifika takriban ekari 100,000 kwa ujumla. Nchi ilihitaji mkate, na hatudharau hitaji hilo. Lakini tambarare hizo ndizo zilizokuwa malisho bora ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao, bung'eda, ambayo mengine yalilimwa pamoja na majani. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua. Sababu zilikuwa mbili kubwa: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria, na wanakijiji wale hawakuthibitisha kwamba walikuwa "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza.

Tuliisoma hukumu hiyo jioni moja maktabani, tukairudia. Watu ambao mababu zao wamezikwa mahali hapo walitakiwa kuonyesha kwamba ni wenyeji!

Mtasema hilo ni la wanasheria. Ni kweli, kwa ile siku ya mahakama. Lakini kabla ya siku ya mahakama kulikuwa na miaka mingi ambayo hakuna mwanasheria aliyeitwa. Nani aliamua kwamba ngano ilimwe pale wala si kwingine? Wizara ipi ilizungumza na wafadhili wapi? Kijiji kiliandikishwa lini, mipaka yake ilichorwa na nani, muhtasari wa kikao uko wapi? Mtu wa kuuliza maswali hayo mapema, wakati trekta bado liko bandarini, hakuwapo. Hatusemi kwamba shahada moja ingeyaokoa malisho ya Mulbadaw. Tunasema kwamba mambo haya yana mlango wake, nao hufunguliwa mapema sana, kabla wengi wetu hatujaamka.

Siku hizi Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kama mdhamini tu, na inaizuia kugawa ardhi pasipo kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Ni sheria nzuri kwa kiasi chake. Lakini mkutano mkuu ni ninyi, na mara ngapi tumeketi kwenye mikutano hiyo tukasaini karatasi ya mahudhurio pasipo kuuliza itabandikwa kwenye uamuzi upi?

Kijana mmoja wa parokia hii, tukiacha jina lake na la kijiji chake, alikuwa mwaka wa tatu wa fani hii alipokuja likizo. Palikuwa na shauri la kumpa mwekezaji sehemu ya malisho. Mkutanoni alisimama, akavua kofia, akawasalimu wazee kwa Kidatoga, akaomba jambo moja tu: asomewe muhtasari wa kikao kilichosemekana kuwa kilikwisha kukubali. Muhtasari haukuwapo. Ilikuwapo karatasi ya majina, iliyosainiwa siku ya kugawa chakula cha njaa. Mkutano uliahirishwa, na mpaka tunapoandika ng'ombe wanachunga pale.

Tungependa kuishia hapo, lakini ukweli unatudai. Juma lile lile watu wawili walikwenda kwa baba yake usiku wakamshauri amtulize mwanawe. Mama yake hakulala kwa siku kadhaa, akawa anakuja Misa ya asubuhi kila siku. Naye kijana mwenyewe amehitimu, mwaka wa pili huu anaendesha bodaboda Katesh huku akituma maombi ya kazi. Basi yule mzee anapouliza kama mwanawe atakula siasa, hatuna ujasiri wa kumwambia kwamba atakula vizuri. Nafasi zipo katika utawala wa mikoa na wilaya, katika mashirika, katika utafiti, lakini ni chache, na waombaji ni wengi mno. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imekuwa ikitanguliza fani kama za afya, ualimu wa sayansi na uhandisi. Mzazi anayemtuma mtoto kusoma sayansi ya siasa na ajue hilo tangu mwanzo, na mtoto naye alijue, asije akamlaumu mtu.

Tusichokubali ni neno lile la kwamba siasa ni uchafu, kwa hiyo mtoto wa Kikristo akae mbali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 75, unasifu kazi ya wale wanaojitoa kwa utumishi wa umma, na unataka wenye uwezo wajiandae kwa kazi hiyo ngumu na yenye heshima. Wajiandae! Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mtakatifu Thomas More kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa, mtu aliyekatwa kichwa kwa kukataa kusema uongo mbele ya mfalme. Mwalimu Nyerere, ambaye tangu mwaka 2005 tunamwita Mtumishi wa Mungu, alikwenda Edinburgh kati ya 1949 na 1952 akasoma historia, uchumi, sheria za katiba na falsafa ya maadili, kisha akarudi kufundisha Pugu. Hatudhani kwamba elimu ile ilimchafua.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Wairaqw walikutana chini ya mti, wazee wakafungua kwa slufay ya baraka, ndipo yakazungumzwa mambo ya mvua na mipaka. Wabarabaig wana girgwageda, na wanawake wao wana baraza lao wenyewe linaloweza kumtoza faini ya ng'ombe mwanamume aliyemkosea mwanamke. Tulipolieleza hilo katika semina chuoni, mwenzetu mmoja kutoka mjini aliuliza kama tunatunga. Binti wa yule mzee, tulipomuuliza kwa nini amechagua fani hii, alitujibu kwamba bibi yake alikuwa msemaji katika baraza hilo, na yeye anataka kujua kwa nini neno la bibi lilimfunga mwanamume kijijini lakini halikufika wilayani.

Mzee bado hajakubali, naye ana siku chache za kuamua kabla dirisha la kuthibitisha nafasi halijafungwa. Tumemshauri asikilize kwanza. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, yule kijana wa bodaboda atakuwa katika ukumbi wa parokia pamoja nasi, kuzungumza na wote waliomaliza kidato cha sita pamoja na wazazi wao, bila kuficha kitu, na kuwasaidia kujaza fomu za mkopo. Waje na vyeti vya kuzaliwa. Mzee amesema atakuja, ila atakaa nyuma.