Rivolva yenye matundu: mkono unapona, masikio je?

Wasee wa Kisii na Nyamira, najua kwenye gemu wengi mnapenda ile rivolva kubwa yenye matundu karibu na mdomo wa mtutu. Yale si mapambo. Ukifyatua, gesi ya baruti inachomoka juu kupitia matundu na kuusukuma mtutu chini, kwa hivyo bastola hairuki sana. Kwa .44 Magnum ya 1955 au .500 S&W Magnum ya 2003, hiyo ni faida kubwa: unalenga tena haraka, na mkono hauteseki sana.

Lakini hakuna cha bure. Gesi ile inatoka na moto. Usiku, mwako unakupiga machoni. Ukiishika bastola karibu na mwili, gesi inakurukia usoni. Aliye kando yako naye anaongezewa kelele, na rivolva hizi tayari zinapita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu sikio.

Kwa hivyo mimi nasema hivi: uwanjani, mchana, masikio yakiwa yamezibwa, matundu ni poa. Lakini hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuruhusu kumiliki bastola bila cheti, na mtu akipewa ya kujilinda, huenda akaitumia usiku, ndani ya nyumba, chini ya mabati, watoto wakiwa chumba cha pili. Huko nachagua mtutu usio na matundu, na risasi ndogo zaidi.

Mkono ukiuma leo, kesho utapona. Sikio la mtoto likiharibika, basi. Wewe unaonaje?